Mjomba, nataka bastola ya kubeba chini ya koti, nianzie wapi?

Salamu sana Mjomba,

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Busia upande wa Uganda, niko na miaka 34, mke mmoja na watoto watatu. Duka langu liko huku Sofia, nauza vifaa vya ujenzi, misumari, rangi, mabati, simenti kidogo, na pembeni nimetoboa kidirisha cha pesa za simu, laini zote mbili. Na nisikufiche, nabadilisha pia shilingi za Kenya kidogo kwa wateja wangu, maana hapa mpakani huwezi kuuza simenti ukikataa pesa ya Kenya, kila mtu anafanya hivyo.

Shida yangu ni jioni. Duka nafunga saa tatu, siku nyingine saa nne kabisa, kwa sababu madereva wa malori wanaosubiri kuvuka wanakuja usiku kutoa pesa na hao ndio wananilipia kodi ya nyumba. Nikishafunga natia pesa kwenye begi la shule la mtoto ili watu wasishuku, napanda boda, ni kijana yuleyule kila siku namwamini, ananipeleka nyumbani upande wa barabara ya Tororo, pesa inalala chini ya kitanda, asubuhi narudi nayo kuanzia kazi. Benki siendi sana, foleni inanimalizia asubuhi yote na jumapili wamefunga.

Sasa juzijuzi wamemvamia wakala jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Walikuja wawili na pikipiki haina namba, mmoja akabaki anaunguruma hapo nje, mwingine akaingia na bunduki chini ya koti la mvua na haikuwa hata inanyesha. Jamaa akawapa kila kitu, hakubisha hata neno, bado wakampiga kitako cha bunduki mdomoni meno mawili yakaenda. Polisi walifika watu tayari wanafagia vioo. Mpaka leo hawajashika mtu.

Mjomba mimi tangu siku hiyo silali. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yetu moyo unaruka. Nimeamua nataka bastola, ndogo tu, ya kubeba kiunoni chini ya koti mtu asijue. Nimeuliza huku na huku kila mtu ana lake. Shemeji yangu, ndugu wa mke, ni polisi, ananiambia niache mambo ya makaratasi yeye akiwa ofu bunduki yake inalala tu nyumbani, ataniazima jioni nirudi nayo asubuhi. Kuna mwingine hapa mjini anasema anaweza kunitafutia "ya ng'ambo", bei nzuri, wiki moja. Na binamu yangu aliyeko Texas anacheka tu, anasema huko kwao mtu anabeba bastola bila hata kumwomba mtu ruhusa, eti ni haki ya mwanaume kulinda mali yake, na akija krismasi anaweza kuniletea moja kwenye begi.

Mke wangu ndiye mwamba. Amesema siku bastola inaingia ndani ya ile nyumba yeye na watoto wanatoka na mlango uleule. Tumegombana mpaka tunaongea kupitia watoto.

Ninachouliza ni hivi. Mtu mdogo kama mimi anaweza kweli kupewa laisensi au ni ya matajiri na waheshimiwa tu? Naanzia wapi? Na huyu mke nimwambie nini aelewe?

Baba Watatu, Busia

---

Mpwa wangu Baba Watatu,

Pole kwa hiyo hofu, na huyo jirani mfikishie pole yangu na mdomo wake.

Nianze na swali lako la kwanza. Ndiyo, mtu wa kawaida anaweza kuomba. Sheria ya silaha ya mwaka 1970, ndiyo hiyohiyo mpaka leo, haitaki uwe tajiri. Inataka usiwe chini ya miaka 25, uwe na akili timamu, usiwe mlevi wala mtu wa fujo, na uwe na sababu inayoeleweka. Wewe miaka unayo, sababu unayo, meno ya jirani yako ni ushahidi tosha. Ila ujue kitu kimoja, Katiba yetu ya 1995 haikupi haki yoyote ya kumiliki bunduki. Hapa unaomba ruhusa, na anayeitoa anaweza kukuambia hapana.

Njia yenyewe iko hivi. Barua unamwandikia Mkuu wa Polisi, IGP, kule Naguru, lakini haiendi Naguru moja kwa moja, lazima ipande ngazi. Inaanza kwa mwenyekiti wako wa LC1, yaani baraza la kijiji, yeye anajua unavyolala na unavyoamka, halafu GISO, yule ofisa wa usalama wa gombolola, halafu DISO, mwenzake wa wilaya, halafu DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na kuna kamati ya usalama ya wilaya ambayo anayeikalia kiti ni RDC mwenyewe, mwakilishi wa Rais wilayani. Wapelelezi wanachungulia kama una kesi mahali. Daktari anaandika kuhusu akili yako. Kuitumia lazima ufundishwe. Ukipita kote huko ndio unapata hati, na hati inakuwa ya wewe na ya bastola ile moja yenye namba yake. Si ya duka, si ya mama watoto, na wala si ya yule kijana anayekusaidia kubeba simenti. Ina muda wake, inabidi uihuishe, na wakisikia unaiweka juu ya meza baa ukishalewa wanaifuta. Na tangu 2018, alipouawa mbunge Abiriga wa Arua, Rais aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama zake, risasi ikiokotwa mahali ijulikane ilitoka kwenye mtutu wa nani. Kwa hiyo ukishapewa, kila risasi itakayotoka humo ina jina lako.

Sasa turudi kwenye lile neno lako, "mtu asijue." Hebu hesabu mwenyewe. Mwenyekiti wa LC1 anajua, na katibu wake aliyepiga mhuri, na mke wa mwenyekiti. GISO amepita kwa majirani wako watatu wanne kuuliza wewe ni mtu wa namna gani, na akishauliza hao majirani wataulizana "kwani Baba Watatu amefanya nini?" mpaka wapate jibu. Kule ofisini kuna anayepanga mafaili na kuna aliyekaa benchi anasubiri zamu yake anasikia kila kitu. Bastola yenyewe haijafika, Sofia yote mpaka mama wa chapati anajua kwamba unaingojea. Huko kwa binamu yako mtu anaficha chuma kiunoni kweli hakuna anayejua, huku kwetu kinachofichwa na koti ni chuma tu, habari zake zimetangulia.

Na hilo halingekuwa na neno kama wezi wangekuwa wanaiogopa bastola. Shida ni kwamba wengine wanaitaka kuliko hata hizo pesa zako. Unakumbuka Busiika kule Luweero, Oktoba 2022? Watu walivamia kituo cha polisi, kituo kabisa chenye askari ndani, wakaua na wakaondoka na bunduki. Kama kituo kinavamiwa kwa sababu ya bunduki, wewe na begi la mtoto nyuma ya boda ni nani? Leo wewe ni mtu mwenye pesa ya siku moja. Ukishapata bastola utakuwa mtu mwenye pesa ya siku moja na chombo cha kazi cha miaka yote ijayo. Mwizi mwenye akili atakuja kwanza kuchukua chombo, na hatakuja kwa kukuomba, atakuja kwa kukupiga kwanza ndio azungumze baadaye, kwa sababu ameshaambiwa unacho.

Fanya jaribio moja kabla hujaandika barua yoyote. Chukua simu yako ya zamani, ichomeke kiunoni nyuma, vaa shati, juu yake koti lako la usiku, funga zipu kama unavyofunga kwenye baridi. Vaa begi mgongoni. Panda boda imesimama tu hapo uani, mkono mmoja ushike chuma cha nyuma kama kawaida. Halafu mwambie mtu mzima, si mtoto, atokee nyuma bila kukuambia saa ngapi na alivute begi kwa nguvu. Wewe jaribu kuitoa ile simu. Utakuta kwanza mkono unatafuta zipu, halafu begi limekandamiza koti, halafu shati limejikunja, na wakati huo huyo mtu tayari ameshakuwa na begi na wewe uko chini. Na huyo hakuwa na bunduki na wewe ulijua anakuja. Wale wa jirani yako walikuwa wawili, injini inawaka, mkono tayari uko kwenye chuma. Mtu akishakunyooshea ndio uanze kufungua koti, hapo umemlazimisha apige.

Hata ukiwa na bahati ukamuwahi, bado. Sheria inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo pale pale. Akiwa amekunyooshea bunduki, sawa, una la kusema mbele ya hakimu. Akiwa ameshachukua begi anakimbia na wewe ukampiga mgongoni, mshtakiwa ni wewe, na hapo pesa uliyokuwa unaiokoa itaisha kwa mawakili kabla kesi haijaitwa mara ya tatu.

Kuna kitu kingine umekisema kwa kunong'ona lakini mimi nimekisikia, hizo shilingi za Kenya. Mpwa, kubadilisha pesa kama biashara kunahitaji laisensi ya Benki Kuu ya Uganda. Najua hapo mpakani ni kawaida na najua mteja akilipa kwa pesa ya Kenya huwezi kumfukuza, lakini kupokea malipo ni jambo moja na kukaa na kibunda unachenjia watu ni jambo lingine. Ukiomba silaha kwa sababu ya biashara, wa kwanza kukaguliwa ni biashara yenyewe. Watataka kuona laisensi ya duka, namba ya kodi, na wataulizia pesa nyingi hivi za usiku zinatoka wapi. Unamwita DISO aje achungulie droo yako, hakikisha unajua kilicho ndani. Hilo lisafishe kwanza hata kama hutaomba bastola.

Na kwa kuwa uko mpakani nikuambie na hili. Hati ya Uganda mwisho wake ni kwenye geti. Wewe siku nyingine unavuka kwenda kuchukua rangi au kudai deni upande wa pili, watu wa Busia wanavuka kama wanaenda chooni. Siku umesahau chuma kiunoni ukakanyaga Kenya, kule wana sheria yao na bodi yao ya laisensi za silaha, hawajui habari za LC1 wako. Utakuwa umeingia nchi ya watu na silaha haramu, na huna shemeji huko.

Tukifika kwa shemeji mwenyewe. Huyo ni ndugu wa mke wako sitaki kumtukana, ila mpango wake ni wa kuwafunga wote wawili. Ile bunduki si yake, ni ya serikali. Ukikutwa nayo huna hati, sheria ya silaha inaweza kukupa mpaka miaka 10, na yeye kazi imekwisha na kesi yake iko njiani. Mei 2023 pale Kampala yule konstebo aliyemuua mkopeshaji pesa ofisini kwake, polisi wenyewe walieleza kwamba alikuwa amezuiwa kushika silaha kwa sababu ya afya ya akili, na bunduki aliyoitumia alikuwa ameichukua kwa mwenzake. Bunduki ya askari "inalala tu nyumbani" ndiyo hiyo. Mwambie shemeji asante, na mwambie pia akaiweke inapotakiwa kulala.

Huyu wa "ya ng'ambo" wala usimjibu simu. Hujui hicho chuma kimeua nani kabla hakijafika kwako, siku wakipima risasi utabeba kesi za watu usiowajua. Na kesi za raia kukutwa na silaha hapa kwetu zimepelekwa sana mahakama ya kijeshi kule Makindye. Mahakama ya Juu ilikataa hilo Januari 2025, ikasema raia wasishtakiwe huko, na kabla mwaka haujafika katikati Bunge likapitisha sheria nyingine ya kurudisha baadhi ya kesi hizo. Wakubwa bado wanavutana, wewe usiende kuwa kamba yao. Na mtu anayeuza bunduki kwa bei nzuri kwa wiki moja, mara nyingi huyohuyo anajua wa kumuuzia habari kwamba umenunua.

Haya, basi nifanye nini Mjomba, nife? Hapana. Ulichoniandikia ukikisoma tena utaona mwenyewe. Begi moja, boda mmoja, njia moja, saa ileile, pesa yote ya duka na ya pesa za simu pamoja, kitanda kilekile. Mimi niko mbali na nimeshajua pesa yako inalala wapi.

Anza na kidirisha. Unajua hesabu yake kuliko mimi: mtu akija kuweka, noti zinaingia kwako na floti, ile pesa yako ya kwenye simu, inapungua, mtu akija kutoa, noti zinatoka na floti inapanda. Hao madereva wa malori unaowaogopea usiku ndio wanaokusaidia, kila anayetoa anakuondolea noti kwenye droo! Wanaokujazia droo ni wanaoweka, wenye maduka wenzako na watu wa soko wanaokuja jioni kumwaga mauzo yao kwako, wanakuhamishia na hatari yao humohumo. Kwa hiyo ikifika saa kumi na mbili, kuweka basi, andika kwenye kikaratasi bandika dirishani, baada ya hapo ni kutoa peke yake. Pesa ya simenti ya mchana iache itoke kwa mikono ya madereva usiku. Ukipanga vizuri saa tatu unafunga droo ina chenji tu, na mauzo yako yote yako kwenye simu yenye namba ya siri. Najua mtasema kodi, ile 0.5 kwa mia ya kutoa, lakini hiyo anakatwa anayetoa, na wewe floti hauhitaji kuitoa, kesho asubuhi unaiuza tena.

Inayobaki ipeleke kwa wakala wa benki mchana, si lazima tawini. Tangu sheria ya benki iliporekebishwa 2016 mawakala wa benki wako kila mtaa, huna foleni ya asubuhi yote, na unaenda mara mbili tatu kwa siku na vibunda vidogo kwa saa zisizofanana, unamtuma leo kijana kesho unaenda mwenyewe, siku nyingine pesa iko ndani ya mfuko wa misumari. Kama kuna siku umepata mzigo mkubwa kweli, mtu amelipia mabati ya nyumba nzima kwa keshi, nenda kituoni uombe askari wa kusindikiza. Polisi wenyewe wanatangaza hivyo kila wakala akiporwa, watu hatuombi tu kwa sababu tunaona aibu au tunaogopa chai, lakini chai ya siku moja na bastola ya maisha utachagua ipi?

Halafu mstari wenu wa maduka, mko wangapi hapo? Mlinzi mwenye silaha kutoka kampuni iliyosajiliwa mtu mmoja hamuwezi, mkichanga maduka sita saba inawezekana. Yule amefundishwa, bunduki ni ya kampuni, ikipotea wanaulizwa wao, na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Taa ya nguvu nje, ya sola kama umeme unawasumbua. Wale wezi walichagua mlango wa tatu na sio wako, nenda usiku ukasimame barabarani uangalie kwa nini, mimi nadhani utakuta pale palikuwa na giza. Na ukifunga, fungeni pamoja, wote kwa wakati mmoja, mtoke kundi.

Boda wako sikatai ni mtu mzuri. Lakini hata mtu mzuri ana marafiki kwenye stendi wanaomuuliza "leo bosi wako amechelewa?" na anajibu tu bila nia mbaya. Badilisha badilisha.

Fanya hivyo mpaka ikae kuwa mazoea. Kama bado biashara yako ni ya kubeba pesa nyingi mkononi na hakuna njia nyingine, hapo sitakuzuia, kaandike barua yako kwa LC1, fuata ngazi zote, na usimlipe mtu anayejifanya ana mkono Naguru. Lakini nina shaka utafika huko.

Kuhusu mama watoto. Wewe unaniuliza umwambie nini aelewe, mimi naona ameelewa kabla yako. Una watoto watatu na kitanda ambacho chini yake tayari kuna pesa, na kwenye hesabu yako bastola ingelala palepale, sijaona kwenye barua yako sanduku la chuma wala kufuli, umenieleza kiuno tu. Watoto wanajua kila kilicho chini ya kitanda chenu, usijidanganye. Mwambie hivi leo jioni, kwa mdomo wako si kupitia kwa mtoto: kwamba hakuna bastola inayokuja, kwamba pesa haitalala tena ndani ya nyumba kuanzia wiki hii, na umwombe akusaidie kupanga hiyo habari ya saa kumi na mbili kwa sababu yeye nadhani ndiye anapiga hesabu vizuri kuliko wewe. Na mwambie pia kwamba hulali. Hilo nadhani hujamwambia. Umemwambia bastola, hujamwambia moyo unavyoruka pikipiki ikipunguza mwendo.

Binamu wa Texas hajadanganya, tangu tarehe 1 Septemba 2021 huko mtu mzima wa miaka 21 kwenda juu asiye na rekodi mbaya anabeba bastola bila laisensi. Ni sheria ya huko na ibaki huko. Mpigie simu leo kabla hajaanza kupanga mizigo, umwambie wazi asitie chuma chochote kwenye begi, wala risasi, wala hata kile kimfuko cha kiunoni, maana pale uwanja wa ndege wa Entebbe hakuna atakayesikiliza habari za haki ya mwanaume. Kama anataka sana kukulinda alete kamera mbili za nje zinazoona usiku, duka likiwa na giza vile utazihitaji.

Mjomba wako